Jibu la Mhando

"Mwangwi humjia anayenyamaza." Methali hiyo mliisikia jana kwa yule mama aliyekuwa akiwaamua wagomvi sokoni, na sasa mnataka kujua ilikotoka. Haikutoka kwa wahenga wa kale. Ilianza hivi, kwenye mashamba ya mkonge upande wa Korogwe.

Kulikuwa na bendi iliyofanyia mazoezi ndani ya korona iliyokufa, yaani lile jengo la mashine ya kusaga mkonge. Gitaa la kwanza alipiga Singano. La pili, lile la kujibu, alipiga Mhando. Mhando hakuwa na kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Mashine ilikichukua enzi za ukibarua wake, humo humo ndani. Kwa hiyo kila alipomjibu mwenzake aliiruka noti ya nne, maana kidole cha kuifikia hakikuwapo. Watu waliizoea ile nafasi, wakawa wanapiga kofi pale pale.

Singano hakujua kuacha nafasi. "Hewa ikiingia kwenye wimbo," alisema, "mchezaji anakumbuka kwamba miguu inamuuma." Mara nyingi alimfunika Mhando kabla hajamaliza kujibu. Mhando alicheka tu. "Ipo siku utanitafuta, ndugu yangu."

Mhando akashikwa na homa, akafa.

Bendi ile ilikuwa na desturi. Siku ya kuondoa tanga, wimbo wa marehemu hupigwa mbele ya wafiwa. Ukipata wa kuujibu, unaishi. Ukikosa, unaachwa, wala haupigwi tena na mtu yeyote. Mhando alikuwa na wimbo mmoja tu, aliomtungia mama yake. Hakuna mpiga gitaa aliyekubali kushika sehemu ya maiti. Ndipo Singano akasema atatengeneza wa kumjibu: kisanduku cha kukanyaga kwa mguu, kinachoshika sauti ya gitaa na kuirudisha baada ya kitambo, kama mlima unavyorudisha ukelele.

Alikiunda ndani ya bati la biskuti. Vipuri alivitoa kwenye redio mbovu, mojawapo ikiwa ya Mhando. Akachomeka waya, akakanyaga, akapiga. Gitaa lilitoka safi kwenye spika. Mwangwi haukuwapo.

Akabadilisha betri. Akapima waya mmoja mmoja. Akayeyusha upya risasi ya kuunganishia waya kwenye kila kiungo. Kila jaribio lilikuwa lile lile: anapiga, anapiga tena, anaongeza, kisha anakanyaga kuzima na kukitukana kisanduku.

"Labda ni bubu wa kuzaliwa," alisema Mntambo, mpiga ngoma na kiongozi wa bendi.

"Hebu nyamaza."

"Ninyamaze mimi?"

Kilichomsumbua Singano hakumwambia mtu. Kila alipokanyaga kuzima, alisikia spika ikikata kitu katikati, kama mtu aliyevuta pumzi aseme akazibwa mdomo. Na humo ndani, ambamo mkonge haukusagwa miaka na miaka, palinuka maji mabichi ya mkonge. Akajiambia ni panya. Panya hawanuki mkonge.

Siku ya kuondoa tanga ikafika na kisanduku bado bubu. Watu walianza kuingia koronani mchana. Mama Mhando alikuja na kigoda chake, akakaa karibu na spika.

"Kimekataa, mama," Singano alimwambia. "Nimekagua kila kitu. Leo tutauacha wimbo."

"Piga nione."

Akapiga, akapiga tena, akaongeza. Mguu ukaenda kuzima.

"Mguu wako uache," alisema mama. "Mwanangu alikuwa akirudi nyumbani analalamika. Anasema, mama, Singano ananiuliza, halafu anajijibu mwenyewe."

Singano akaurudisha mguu nyuma.

"Uliza mara moja. Kisha toa mkono kwenye nyuzi."

"Nikae hivyo mpaka lini?"

"Mpaka ujibiwe. Mimi nimemngoja tangu mlipomzika. Wewe kitambo kidogo tu kinakushinda?"

Akapiga swali la wimbo, noti sita. Akaweka viganja magotini. Kimya. Mtu akakohoa. Vidole vilimwasha, akavikunja. Harufu ya mkonge ikapanda mpaka watu wakaanza kugeuka kutazama ile mashine yenye kutu.

Kisha ndani ya spika pakagonga kidogo, kama kidole kinachotua kwenye uzi. Swali likarudi kwa sauti ya chini, bila haraka. Noti ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nafasi. Ya tano, ya sita.

Pale penye nafasi, watu wote walikuwa wamepiga kofi kabla hawajafikiri. Kofi moja.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia Mama Mhando, taratibu, akiitazama spika.

Singano akauliza tena, akatoa mkono, akajibiwa. Hivyo hivyo mpaka wimbo ukaisha.

Watu walipotoka, Mntambo alifungua bati. "Tazama. Hiki kipuri cha redio ya Mhando ndicho kinachochelewesha. Mwangwi ulikuwa unakuja siku zote. Wewe ulikuwa unaufunika, halafu unauzima haujafika."

"Na noti ya nne?"

 Mntambo akarudisha kifuniko, akakaza skrubu zote, akaondoka bila kuaga.

Singano hakumruhusu fundi yeyote kukigusa kisanduku kile. Wimbo uliendelea kupigwa, na kila alipomaliza kuuliza, aliweka viganja magotini akangoja. Vijana wa bendi walipomuuliza anangoja nini, wakati sasa wapigaji wa kumjibu walikuwa tele, aliwapa kwa maneno machache funzo alilopewa na Mama Mhando siku ile, ndiyo haya mliyoyasikia sokoni:

Mwangwi humjia anayenyamaza.