Ngiri na Wimbo wa Kuchagua Timu

Mpo?
— Tupo!
Masikio?
— Wazi!
Mlango?
— Tumeufunga!
Vizuri, maana anayekuja ana meno.

Zamani, zamani sana, mpira ulipokuwa bado wa majani ya mgomba, porini kulikuwa na bwawa moja tu. Ndani ya bwawa alikaa Mamba. Mchana jua likiwaka, Mamba alilala fofofo. Jioni aliamka, na jioni alikuwa na njaa.

Sasa bwawa lenyewe dogo, wote hawawezi kunywa mchana. Kwa hiyo kila kiangazi walicheza mpira. Timu iliyoshinda ilikunywa mchana. Iliyofungwa ilikunywa jioni, kapteni na familia yake wakitangulia majini.

Wachezaji waligawanywa kwa zamu: we mmoja, mimi mmoja. Kunguru alikaa juu ya kichuguu akisimamia. Ukisita, analia. Akilia mara tatu hujataja jina, imekula kwako, unapewa yeyote aliye karibu.

Kiangazi kimoja makapteni walikuwa Fisi na Ngiri. Mnamjua Ngiri? Yule anayekimbia mkia juu, halafu katikati ya mbio anasahau anakimbia nini. Aliingia uwanjani na jina moja tu kichwani: Duma. Fisi akamchukua Duma. Ngiri akabaki mdomo wazi.

Kwaa! Kwaa! Kwaa!

Akapewa Kinyonga. Kinyonga akaanza kuufuata mpira, na mpaka leo hajaufikia.

Wakafungwa. Jioni Ngiri akaenda kunywa na watoto wake wawili. Akarudi na mmoja.

Huyo mmoja aliitwa Katope. Kiangazi kingine kilipokaribia, Katope akauliza, "Baba, tukifungwa tena, ni zamu yangu?"

 

Kuanzia hapo Ngiri akawa anawafuata wanyama nyuma nyuma. Anawatazama wanavyokimbia, wanavyopigana, wanavyogombea matunda. Akaona kumbe Duma ana mbio kinoma, lakini kidogo tu yuko chini anahema. Mbwa Mwitu mbio zake za kawaida, ila hasimami. Na kwa kuwa alijijua kichwa kinavuja, yote akayatia kwenye wimbo. Akawa anaimba na Katope topeni, miguu ikipiga chini, ti-ti, ti-ti:

Mbwa Mwitu hachoki, mbele nampa yeye,
Nyani ana mikono, golini nampa yeye,
Nyani akichukuliwa, Mbuni nampa yeye,
Punda Milia ana teke, nyuma nampa yeye.

Siku moja Fisi akapita kichakani. Akasikia "Nyani" tu, mengine hakusubiri. Akacheka. "Huyu mjinga ananifanyia kazi!"

Siku ya kugawana ikafika. Aliyefungwa ndiye anayeanza.

"Oya, mzee mkia!" Fisi akasema. "Katoto kamenenepa. Mamba ananiulizia habari zake."

Katope akajificha chini ya tumbo la baba yake.

"Mbwa Mwitu," Ngiri akasema.

Wanyama wakacheka. "Duma yupo pale, we unachukua mbwa?"

Fisi akalamba midomo. "Mimi... Nyani!"

 Nyani kaenda! Kichwa cha Ngiri kikawa cheupe. Hakuna jina hata moja.

Kwaa!

"Duma!" wakapiga kelele. "Mchukue Duma, mzee!"

Kwaa!

Ngiri akamwona Mamba wazi wazi, akaona yale maji. Miguu ikaanza kutetemeka, ikawa inapiga chini. Ti-ti, ti-ti. Ti-ti, ti-ti. Kumbe mdundo ni ule ule wa topeni! Wimbo ukapanda wenyewe mpaka mdomoni.

"Mbuni!" akapaza sauti.

Kunguru akafunga mdomo.

Fisi akamchukua Duma. Ngiri akamchukua Punda Milia. Ikabaki zamu moja ya Fisi.

"Sasa namtaka... ngoja kwanza, bana. Yule nani yule..."

Kwaa! Kwaa! Kwaa!

Akapewa Kinyonga.

Mpira ukaanza. Duma akafunga moja, akafunga la pili, akalala chini ulimi nje. Nyani je? Fisi alikuwa ameliiba jina, sababu hakuiiba. Akamweka mbele. Kila mpira ukimfikia, Nyani anaudaka kwa mikono. Faulo! Golini akasimama Kinyonga.

Mbwa Mwitu akafunga moja. Akafunga la pili. Fisi akapiga shuti kali, Mbuni akatandaza mabawa, likakwama. Punda Milia akaubutua kwa teke. Kinyonga akainua mkono mmoja, taratibu... Goli!

Mchana ule Katope alikunywa mpaka tumbo likawa ngoma.

Jioni Fisi akaja mbio. "Kaka Ngiri, tubadilishane zamu. Mara moja tu, kaka."

"Mwaka jana nilikuomba hivyo hivyo," Ngiri akasema. "Ulinijibu nini?"

Fisi alikuwa amecheka. Alikumbuka.

Fisi hakuwa na familia, akatangulia majini peke yake. Maji yalikuwa yametulia. Wanyama wakasikia kicheko kinaanza. Hawakusikia kikiisha.

Kwa hiyo nyie mnaochagua timu, pangeni mapema: nani umchukue, kwa kazi gani, na akiondoka nani anafuata. Woga utakuja tu siku hiyo. Ukikuta umejipanga, utakukumbusha. Ukikuta hujajipanga, utakuzamisha.

Ngano yangu imeshakunywa, imeondoka. Mwenye kiu nayo aifuate bwawani. Ila jioni, mimi simo!