Bibi Nsia na Mlima Uliopasua Vichwa

Paukwa!
Pakawa!
Semeni kwa nguvu, huko tuendako upepo ni mkali. Paukwa!
Pakawaaa!

Hapo kale, babu wa babu zenu hawajaota meno, palikuwa na kijiji chini ya mlima mrefu. Mwaka ule ulezi wote uliungua kwa jua, na mbegu zilikuwa ng'ambo, nyuma ya mlima. Basi watu wakaupanda mlima kuzifuata. Mbele Kiwelu, aliyejua njia. Katikati Ndekirwa, mke wa mdogo wake. Nyuma kabisa Bibi Nsia na mkongojo wake: ko, ko, ko.

Wakapanda, wakaacha migomba. Wakapanda, wakaacha msitu. Wakapanda hata miti ikaisha, yakabaki mawe na upepo: vuuu! vuuu!

Hapo kichwa cha Ndekirwa kikaanza kugonga. Du! Du! Du! Akatapika. Akakaa chini.

Desturi aliijua. Mlima ukikupasua kichwa, una kosa umelificha. Ungama, upone. Ukikataa, unaachwa palepale, usiwaletee wenzako balaa.

"Ungama hapahapa, shemeji," akasema Kiwelu. "Kushuka hadi pango la kuungamia kutatuchelewesha."

Ndekirwa akajipekua moyoni. Akatafuta, akatafuta.

"Sina kitu."

"Kila mtu ana kitu!"

"Basi niambie changu ni kipi, maana mimi sikioni."

Bibi Nsia akafika, ko, ko. Hakumuuliza mgonjwa neno. Akamgeukia Kiwelu.

"Mwanangu, waliopona zamani waliungamia wapi?"

"Pangoni, bibi, kule chini msituni."

"Na yule kuku wangu mwekundu uliyemwiba ukamla, kichwa kimekuuma hapa mlimani?"

Watu wakacheka. Kiwelu akajikuna kisogo. "Hata kidogo, bibi."

"Ajabu! Sasa mimi nataka kujua. Tumshushe pangoni, ila asiungame. Afumbe mdomo, tuone."

"Na balaa likija?"

"Linikute mimi. Nimeshazeeka, litapata nini?"

Wakamshusha. Ndekirwa alifumba mdomo, akakisikiliza kichwa chake kama mtu anayesikiliza ngoma ya kijiji cha mbali. Du! Du! Wakashuka. Du... du... Wakashuka. Du. Mlangoni mwa pango akasikiliza tena. Kimya.

"Bibi," akasema, "nina njaa."

Kiwelu akamtazama, kisha akautazama mlima.

"Kwa hiyo wale wote walioungama..."

"Walishuka," akasema Bibi Nsia.

Kiwelu akaketi. Alikuwa na kaka, kaka yake mkubwa. Huyo aliapa kwamba hana kosa, wakamwacha kule juu kwenye mawe.

Bibi Nsia alijua. Hakumkemea. Aliketi kando yake, wakautazama mlima pamoja hadi ukungu ukaufunika.

Kesho yake wakapanda tena, polepole, wakapumzika njiani, wakazifikia mbegu wote. Na tangu hapo, anayeumwa mlimani hushushwa kwanza. Maswali humngoja chini, na akishafika chini, hakuna anayekumbuka kuyauliza.

Nanyi wanangu, mkimkuta mtu amekaa chini njiani, msianze kutafuta kosa lake. Mshikeni mkono kwanza.

Hadithi yangu imeteremka mlimani, imechoka, imeishia hapo.