Banda Lililopimwa kwa Unyayo wa Tembo

Sogeeni!

Tumesogea!

Masikio mmekuja nayo?

Tunayo, mawili mawili!

Basi yafungueni. Hapo kale, wanyama walipokuwa wakijengeana nyumba kwa ujira, ugomvi ulizuka uani kwa Jogoo.

"Vikapu vitatu vya mahindi, kwa kazi ipi?" Jogoo alifoka. "Nguchiro kaingia jana, kala mayai yote, kaondoka na kuku mmoja! Hili nalo ni banda?"

"Kaingia kwa sababu ulimpa njia," akajibu Fundi Ngedere, mkia umemsimama kwa hasira. Nyumbani kaacha watoto na chungu kitupu. "Nilikwambia, hukusikia. Nipe changu."

Mambo yalikuwa hivi. Jogoo alimwita Ngedere amjengee banda la kuku nyuma ya nyumba. Ngedere akakata fito, akachimbia nguzo, kisha akataka kumpima kuku kichwa, ajue nafasi ya kuacha kati ya ufito na ufito.

"Kichwa cha kuku?" Jogoo akacheka. "Majirani watanionaje? Pima kwa unyayo wa Tembo!"

"Bwana Jogoo, atalala humu kuku au Tembo?"

"Jenga!"

Ngedere akajenga.

Ukafika mlango.

"Pima kwa mabega ya Kiboko!"

"Bwana Jogoo, atalala humu kuku au Kiboko?"

"Jenga!"

Ngedere akajenga.

Kikafika kijiti cha kulalia.

"Kiweke usawa wa shingo ya Twiga!"

"Bwana Jogoo, atalala humu kuku au Twiga?"

"Jenga!"

Ngedere akajenga, meno ameyauma.

Tembo akaalikwa kulizindua banda. Akakata utepe wa majani, akahutubia mpaka jua likazama, akasifu maendeleo, akala, akaenda zake. Kuku wakakirukia kijiti, wakashindwa, wakalala chini. Nguchiro akapita katikati ya fito bila hata kukunja mgongo, akatazama huku na huku.

"Nyumba ya kistaarabu hii," akasema. "Haibani."

Sasa Jogoo anaambiwa alipe, anasema, "Kamdai Tembo. Vipimo ni vyake."

Bi Tetea, mkewe mkubwa, akashindwa kuvumilia. "Baba Vifaranga, jana wewe ulilala juu ya paa. Sisi tulilala chini, tukaliwa. Hebu nyamaza kidogo. Fundi, kichwa changu hiki. Pima."

Ngedere akapima. Akaongeza fito, akashusha kijiti, akaupunguza mlango ukawa wa kiasi cha kuku. Jioni kuku wakaingia mmoja mmoja. Jogoo akaja kifua mbele, kilemba kikakwama. Akarudi nyuma, akaja tena, kikakwama. Mara ya tatu akainama.

Ngano yangu imechoka, mimi naitua hapa, atakayeitaka aibebe. Ukijenga, mpime atakayelala ndani, usimpime atakayekuja kukata utepe. Na wewe unayecheka sana pale nyuma, kwako nimepaona, cheka polepole.

Ngedere je? Alikuwa amekaa mlangoni, Jogoo bado kainama mbele yake.

"Vitatu vya kujenga, kimoja cha kurudia," akamwambia. "Vikapu vinne. Lete."