Mchi wa Mama Angèle

Kila Desemba serikali hufunga Ziwa Mweru ili samaki wazaliane, na kila Desemba mgahawa wa Mama Angèle pale Nchelenge huzizima. Wavuvi hawapo, wachuuzi hawavuki kutoka Kongo, ng'ambo ya ziwa. Mwaka huu maji yalizidi unga: siku tatu mfululizo chakula kililala sufuriani. Mama akaapa kwamba wateja wasipopatikana kabla ya Jumapili, atauza masufuria arudi Kongo kwa dada yake. Roho ilimuuma, kwani jasho lake la miaka kumi na mmoja lilikuwa pale.

Tena alikuwa na jirani mpya wa kumkera. Luse alihamia kutoka Lusaka mtandao wa kasi ulipofika mtaani, akawa anafanya kazi za ofisi yake nyumbani, akizungumza na kompyuta kutwa nzima. Mama Angèle alimwona mvivu wa kupindukia.

Alhamisi saa nne, mama akitwanga sombe, yale majani ya muhogo, dirisha la Luse likafunguka.

"Mama, naomba, pumzika kutwanga kidogo. Niko mu kazi na bakubwa ya Lusaka."

"Kazi ya kuongea na ukuta?" mama akang'aka. "Mugeni njo atanipangia saa ya kutwanga? Hapana!"

Akazidisha mchi, twa! twa! Ukweli usemwe, alifanya makusudi, na moyo wake ukaburudika.

Saa saba Luse akabisha hodi. Mama akajifunga kibwebwe, tayari kwa ugomvi.

"Mama, bantu ba kazi yetu balisikia kinu yako mu kompyuta. Baliuliza ni nini, nikasema ni sombe. Bawili banaishi hapa hapa Nchelenge, banafanya kazi ku nyumba sawa na mimi, habana nafasi ya kupika. Banakuja. Iko chakula ya bantu batatu?"

Mama aliona haya, akatazama chini.

"Iko, mwana wangu. Na kesho nitatwanga mapema, mbele ya kazi yako."

Ijumaa walikuja watano, Jumamosi tisa, kila mmoja akimvuta mwenzake. Jumapili, baada ya misa, dada yake akapiga simu kuuliza atavuka lini.

"Sivuki," alijibu Mama Angèle, akiosha sufuria la mwisho. "Masufuria iko na kazi."

Hata yeye alifika Nchelenge kwa mtumbwi, mgeni mwenye sufuria moja, na akapokelewa. Kweli, mgeni njoo, mwenyeji apone.