Korongo Hawakutua

Hivi wewe, ukishachoma kitanda cha mgeni, unapata wapi uso wa kuuliza mbona hakulala kwako?

Usinijibu bado. Kulikuwa na mtu aitwaye Gwakisa, mkubwa wa ukoo katika bonde la wakulima wa mahindi. Desturi yao ilikuwa hii: hakuna anayetia mbegu ardhini mpaka korongo weupe, wale wanaotoka nchi za baridi, watue kwenye kinamasi kilicho chini ya nyumba. Mwenye kinywa cha kutangaza ni mkubwa wa ukoo. Akisema wametua, majembe yanatoka. Asiposema, hata mvua inyeshe mpaka kuku waogelee, mtu hapandi.

Sasa, kiangazi kilichotangulia Gwakisa alichimba mfereji, akakikausha kinamasi, akapanda vitunguu. Alichimba mchana, watu wakimwona. Vitunguu vikastawi, na hakuna nyumba ambayo haikugawiwa.

Mvua ikaja. Korongo hawakutua.

Gwakisa akaitisha kikao. Wazee wakasema huko Ulaya siku hizi wanawala. Akaitisha kingine, wakasema ni vijana, hawana adabu. Kilichofuata kilifunguliwa kwa maombi, kikafungwa kwa maombi, na katikati wakala wali na kachumbari. Kachumbari ya vitunguu vya wapi, sisemi.

Tusekile, mke wa mdogo wake Gwakisa, alikuwa na watoto wa kulisha na kibuyu kimoja cha mbegu, nazo zimeanza kuota ukungu. Kila jioni alimwendea. "Shemeji, mvua inatuacha." Naye akajibu, "Mila ni mila, shemeji. Hatuwezi kuwatangulia ndege."

Hatimaye wakamwita mtaalamu wa ndege. Akaja na darubini yake, akasimama juu ya matuta ya vitunguu, akaeleza vizuri sana: korongo mmoja mwenye pete ya chuma mguuni, aliyevishwa huko wanakozaliwa, ameonekana bonde la pili, nyuma ya kilima, yeye na wenzake tele, wanakula viwavi. Kwa hiyo safari wameimaliza salama. Basi mbona hapa hawakutua? Mtaalamu akayatazama matuta, akawatazama wenyeji wake, akakumbuka kwamba chakula bado, akasema jambo hilo linahitaji utafiti zaidi. Sentensi hiyo sisi wasomi tunapewa bure chuoni. Wazee wakaafiki. Utafiti zaidi, naam.

Ndipo Tusekile akamwaga mbegu zake chini, mbele ya kikao. Zilikuwa nyeusi, punje nzima za kuhesabika.

"Walikuja, shemeji," akasema. "Walizunguka hapa juu asubuhi nzima, sote tumewaona. Niambie basi, mguu wangeuweka wapi? Kwenye kitunguu chako?"

Mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Wengine wakainamisha macho, na kule chini nako kulikuwa na vitunguu. Mzee mmoja akaanza kusema kwamba hali ya hewa nayo siku hizi imebadilika mno, lakini Gwakisa akainua mkono kumnyamazisha. Alikuwa akiziangalia zile mbegu.

"Mfereji niliuchimba mimi," akasema. "Kinamasi nimekiua mimi. Na vikao vyote hivi niliviitisha nikijua."