Kitambaa cha Mjane

Leo, wapendwa, nawapeleka mbali, Amerika ya Kusini, kwenye mji mdogo wa milimani ambako mvua ni ya kubahatisha na watu wote wanaishi kwa mfereji mmoja. Alikuwako mjane, mgeni, aliyepewa na halmashauri kishamba kule chini kabisa, mfereji unapoishia. Akapanda mahindi. Hayo ndiyo chakula cha wanawe mwaka mzima.

Maji yalikwenda kwa zamu. Karani wa halmashauri akamwambia, "Mama, ukishamwagilia, tundika kitambaa cheupe juu ya mti ule, kionekane mlimani."

Mjane akacheka moyoni. Serikali na mambo yake! Mimi ndiye wa mwisho, nimtundikie nani? Basi kila zamu alimwagilia, akatosheka, maji yaliyobaki akayaacha yateremkie korongoni. Kitambaa? Wala hakuhangaika nacho.

Kilichomchoma roho ni meya. Shamba la meya lilikuwa juu, pale mfereji unapoanzia. "Huyo anakunywa kwanza," alinung'unika, "sisi tunaletewa makombo." Mnamjua mtu wa namna hiyo? Msigeuke kumtazama jirani!

Zamu moja maji yakachelewa, mahindi yakaanza kujikunja majani. Mama akajitanda shali yake, akapanda mlima kwenda kumpa meya vidonge vyake.

Alipofika, akasimama ghafla. Njia nzima mahindi ya watu yalikuwa mabichi. Ya meya peke yake yamekauka. Mwenyewe ameketi kando ya lango lake la maji, limefungwa, macho yako bondeni.

"Karibu, mama. Utusamehe, ukingo wa mfereji ulibomoka, tumeuziba asubuhi. Jioni maji yatakufikia." Kisha akauliza kwa upole, "Hizi zamu zilizopita hukuwahi kutosheka? Sikuona kitambaa."

"Nilitosheka, mheshimiwa. Kila mara."

Meya akamwonyesha lango lake. "Hapa kwetu ukichaguliwa meya, zamu yako inakuwa ya mwisho. Mimi nafungua nikiona kitambaa chako."

"Lakini maji yanapita mlangoni kwako! Si ungefungua tu?"

"Na kama ulikuwa bado una kiu?"

Jamani! Mama aliteremka mlima analia. Jioni ile maji yalipofika alimwagilia, akavua shali yake nyeupe, akaitundika mtini. Kule juu lango likafunguliwa. Mahindi ya meya hayakupona, ila viazi vyake viliwahi maji. Na siku ya mavuno, gunia la kwanza la mjane lilipanda mlima mgongoni mwake mwenyewe, na hakuna aliyemtuma.

Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Sawa. Lakini sisi tumezidi, hata waliokaa na njaa ili sisi tushibe hatuwajui! Mungu tunamwomba kwa makelele, akitupa, kimya. Na yule mama aliyekuambia, "Kula mwanangu, mimi nimeshiba," wewe ulimwamini? Na sufuria ulikuwa unaiona tupu?

Sisi sote tuliopo hapa tulimwagiliwa na watu waliofunga malango yao. Tumshukuru Mungu kwa ajili yao, lakini tusiishie hapo. Wengine bado wako hai, wameketi huko nyumbani wanatazama bondeni. Ukitoka mlangoni hapa, kabla hujapanda gari, mpigie simu wa kwako.