Chini ya Zulia la Gari la Karani

Ndugu zangu, palikuwa na karani mmoja aliyestaafu na vitu viwili vya kujivunia: mke mwenye subira, na gari kuukuu, lenye umri kupita nusu ya wanakwaya wetu. Alilipaka rangi mpya likang'aa kama bwana harusi. Kasoro ilibaki moja. Kila mkewe akipanda alisema, "Baba, huku chini ya kiti changu kunalia."

"Mzee akitembea, magoti hulia," alimjibu.

Jumamosi walikuwa waende kumwona mjukuu wao wa kwanza, mwendo wa saa sita, na karani alitaka utulivu. Akalipeleka kwa fundi wa bodi za magari. "Nitandikie lami na sponji chini ya kiti cha mama, sauti isipite."

Fundi akafunua zulia, akakuta lami nyingine, ya zamani. Akaidunga kwa bisibisi. Bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini.

"We fundi! Nimekuletea uzibe, wewe unatoboa? Gari hili limepita ukaguzi, stika ile pale!"

"Stika naiona, mzee. Mkaguzi alikagua kioo cha kuibandikia tu." Akabandua lami yote. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu. Boliti za kiti zilishikilia unga wa kutu. "Maji yamejificha humu miaka na miaka. Mama alikuwa anakalia zulia tu. Nani alitandika lami hii bila kukwangua kutu kwanza?"

Aliitandika karani mwenyewe, kwa mikono yake, miaka minane nyuma, mkewe alipolalamika mara ya kwanza.

Akakaa juu ya tairi. "Kata, kwangua, chomelea bati jipya. Safari itangoja." Kisha akampigia mkewe simu. "Mama, ahsante kwa kulalamika."

"Baba, umekunywa nini?"

Mnacheka. Na sisi je? Mara ngapi tumepiga magoti tukiomba, "Bwana, ninyamazishie huyu," kumbe huyo ndiye aliyekuwa akitulinda? Sponji si dhambi. Fundi aliitandika mwishoni, juu ya chuma kilichokwanguliwa na kupakwa dawa ya kutu. Hata amani ina utaratibu wake.

Basi tumshukuru Mungu kwa kelele alizokataa kuzizima. Na yule anayekusema kila siku, mwambie ahsante leo. Hutatafuta mbali. Wengi wenu mmekaa naye benchi moja.